Muuzaji ameshindwa kuleta ridhaa ya mkewe, halafu milioni 20 zangu "hazirudishwi"

Kuna mtu huko Goba ameshikilia shilingi milioni 20 nilizomlipa kama kishika uchumba cha nyumba ya milioni 85, na kila ninapomdai hunijibu kwa sentensi moja ya mkataba wa mauziano: mnunuzi asipokamilisha malipo ndani ya siku 60, fedha alizotanguliza hazitarudishwa. Anaikariri kama aya ya msahafu.

Siku 60 zilipita, nakubali. Zilipita kwa sababu benki iliyokuwa inikopeshe salio ilitaka ridhaa ya mke wa muuzaji kwa maandishi, naye hakuileta. Ile ni nyumba ya ndoa, wanaishi humo na watoto wao, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ukurasa wa mwisho wa nakala yangu una nafasi ya saini ya mke, mstari wa nukta nukta, na hadi leo ni nukta tupu. Muhuri wa wakili umegongwa pembeni, wino wake wa bluu ukigusa mwanzo wa mstari huo. Wakili alituhakikishia kwamba mama angesaini wiki ile ile. Leo wakili huyo, ambaye tulimlipa sote wawili, anasema yeye ni wakili wa muuzaji tu.

Naambiwa mtaani kwamba kishika uchumba kikishaliwa kimeliwa. Nani kasema? Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa fidia yule aliyevunjiwa mkataba, tena fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kile kilichotajwa katika mkataba. Kwa hiyo hata kama ningekuwa mimi niliyeuvunja, bado mahakama ingepima kama milioni 20 zinastahili, seuze aliyekwamisha mauziano ni yeye mwenyewe! Na hasara yake iko wapi? Nyumba inatangazwa upya na dalali yule yule, sasa kwa milioni 92. (Dalali naye kamisheni yangu hajairudisha, lakini huyo nitashughulika naye baadaye.)

Ofisi ya mtaa imenielekeza Baraza la Kata. Nitakwenda, ingawa tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na mtu anayeitangaza nyumba huku pesa yangu iko mfukoni mwake sioni kama anatafuta suluhu. Notisi ya madai ya siku 14 ameshaipokea na kuisaini.

Ninachoomba kwa waliowahi kudai fedha za namna hii ni kimoja: wakili nimuunganishe katika shauri lenyewe, au nimlalamikie kando kwenye Kamati ya Mawakili? Pia, kuna aliyefanikiwa kupata zuio la mahakama nyumba isiuzwe kabla hajarudishiwa fedha zake?