Tupeane uzoefu: uliporudi kusikiliza masafa mafupi ulichukua redio gani?

Wakuu habari zenu. Zamani nilikuwa silali bila redio pembeni ya mto, zikaja simu nikaacha kabisa, sasa nimerudi. Naanza na langu halafu na nyie mfunguke.

Kosa langu la kwanza nilinunua redio ya mshale, ile imeandikwa SW1 mpaka SW7 (SW ndo masafa mafupi). Bendi ya mita 31 yote, yaani 9400 mpaka 9900 kHz, imebanwa kwenye nafasi ya upana wa kidole, ukigusa kidogo tu umeshavuka stesheni tatu na hujui uko wapi, halafu stesheni moja yenye nguvu inatokea sehemu mbili. Niliteseka nayo wiki tatu. Nikachukua Tecsun PL-330, ndogo inaingia mfukoni, unabonyeza 10000 unasikia tik tik ya stesheni ya saa, ndo unajua redio iko sawa. Nani mwingine?

—

Mkuu stesheni zenyewe ziko wapi lakini? BBC waliacha kurusha masafa mafupi kwa Amerika Kaskazini 2001, Radio Netherlands ikazima 2012, Radio Australia 2017.

—

Zimepungua kweli ila hazijaisha, usiku pita mita 49 na 41, mchana panda 19 na 16, wengi wanakaa bendi moja saa yoyote wanasema hakuna kitu. Mimi natumia Tecsun PL-660, nimeipendea kitufe cha SYNC. Stesheni ikianza kuzama na kuibuka sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya pipa, ukibonyeza inatulia. Sony ICF-SW7600GR nayo inayo, ila hazitengenezwi tena, ukipata iliyotumika fungua kwanza mlango wa betri uangalie kutu na uvute antena yote uone kama haijalegea.

—

Jamani mbona hamsemi kuhusu kelele? Mimi nilikuwa nishafunga redio kwenye boksi niirudishe, inakoroma bendi zote. Nikaiweka kwenye betri, nikazima umeme wa nyumba nzima, kimyaaa, stesheni zikajaa. Nikawasha kimoja kimoja, kumbe ni taa ya LED ya koridoni na chaja ya simu. Kabla hujatafuta redio ya bei mbaya fanya hivyo kwanza, nakuomba.

—

Na waya. Mita 6 au 7 za waya wa kawaida kutoka dirishani, unabana kwenye antena ya redio, ni tofauti kubwa sana. Usiweke mrefu kupitiliza, hizi redio ndogo zinazidiwa, stesheni zinaanza kupandana. Na mvua ya radi chomoa.

—

Mleta mada hapa. Nimezima taa ya jikoni sasa hivi baada ya kusoma hapo juu, 15000, nayo ni ya stesheni ya saa, ilikuwa mvumo mtupu sasa nasikia tik tik kwa mbali. Chaja bado sijagusa, naenda.