Kifua hakipandi ninapompumulisha mtoto mchanga: tatizo ni nini?

Mkunga_Koboko
Habari zenu wenzangu. Kituo chetu ni cha daraja la tatu, hatuna silinda ya oksijeni. Mtoto aliyetimiza miezi akizaliwa amelegea, halii, tunampumulisha kwa ambubagi (mfuko wa kubana wenye barakoa) lakini kifua hakipandi. Ni kukosa oksijeni? Na akishapumua, niangalie nini kabla ya rufaa?

Sista_Leba
Dada, oksijeni siyo shida. Mtoto aliyetimia huanzwa kwa hewa hii hii ya kawaida. Kinachomponza ni muda. Mkaushe, msugue mgongo. Hapumui? Kata kitovu, na ambubagi ianze kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Kifua kikigoma, anza na barakoa, maana hewa hupenda kutorokea pembeni mwa pua. Namba 1 kwa aliyetimia, 0 kwa njiti. Ifunike kidevu, mdomo na pua, isifike machoni. Kisha kichwa: shingo ikikunjwa, au ikipinduliwa mno nyuma, njia ya hewa huziba. Pua itazame dari. Bado? Safisha mdomo halafu pua, mwachamishe kidogo, bana kwa nguvu zaidi. Pumzi 40 kwa dakika.

Tena ikague ambubagi kila zamu: ziba barakoa kwa kiganja, bana. Ikikubali kirahisi bila kukusukuma, imepasuka au vali ilirudishwa vibaya baada ya kuoshwa. Hili husahaulika sana!

Daktari_Watoto
Sista kamaliza. Mapigo ya moyo yakibaki chini ya 60 kwa dakika ilhali kifua kinapanda vizuri, na mko wawili, bonyezeni kifua mara 3 kwa kila pumzi 1.

Akishapumua, joto libaki 36.5 hadi 37.5. Homa huzidisha madhara ya ubongo uliokosa hewa. Lakini msimpoze mwili wenyewe ili kuokoa ubongo: katika utafiti wa HELIX (India, Sri Lanka na Bangladesh, 2021) waliopozwa walikufa zaidi. Sukari ya damu ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita, glukosi ya 10% mililita 2 kwa kilo, kwenye mshipa.

Degedege la mtoto mchanga halitikisi mwili wote kila mara. Tazama mdomo unaotafuna bure, macho yaliyoganda upande mmoja, miguu inayopiga baiskeli. Mpe fenobabitoni, dawa ya degedege, miligramu 20 kwa kilo, polepole kwa dakika 20, ambubagi ikiwa karibu.

Mkunga_Koboko
Asanteni sana. Mama akiuliza kama mtoto atalemaa?

Daktari_Watoto
Usimwahidi, usimtishe. Aliyechangamka na kunyonya vizuri ndani ya wiki moja, mara nyingi hukua salama. Aliyepata degedege na bado hanyonyi, hatari ya mtindio wa ubongo ni kubwa: mwandikie tarehe za kurudi, na ukiona ngumi hazifunguki au shingo haijakaza kufikia miezi 4, aanze mazoezi ya viungo mara moja, msingoje afikishe mwaka.