Nachora uso wangu, unatoka wa mtu mwingine

mchoraji_kimya: Habari zenu wadau. Mwezi wa nne huu nachora picha ya mtu aliyejipoteza kwa kufuata matakwa ya watu. Napaka uso wangu kwa rangi ya mafuta, naukwangua kwa kisu, napaka tena juu yake. Sasa ni tabaka la saba. Kila anayeiona anasema ni ya huzuni, basi. Mimi sitaki huzuni! Nataka lile tabasamu nililofundishwa kulivaa tangu utotoni, hadi langu silikumbuki. Nifanyeje?

kalamu_ya_mkaa: Pole ndugu. Uso uliofutwa tumeuzoea. Tazama Golconda, picha ya Magritte, mchoraji wa Ubelgiji, 1953: wanaume wenye makoti meusi na kofia za mviringo wametapakaa angani kama mvua. Nyuso wanazo, ila sare imewameza. Jaribu mavazi.

mama_turubai: Mimi ningeanzia kwa Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, ile picha yake ya Frida wawili, 1939. Mmoja gauni jeupe la Kizungu, mwenzake vazi la Tehuana, la kienyeji la Meksiko, wameshikana mikono, mshipa mmoja umeunganisha mioyo yao. Hakuna aliyemfuta mwenzake. Mwanangu, usikwangue yote. Acha tabaka la kwanza lionekane, hata kwa ukubwa wa ukucha.

mchoraji_kimya: Asante mama. Jana usiku nimekwangua kona moja tu ya mdomo. Imetokea ile rangi ya udongo niliyoanza nayo, na mdomo umeshuka kidogo upande huo. Nimeutazama muda mrefu. Ni wangu. Upande wa pili tabasamu nimeliacha.