Madarasa ya zamani kuwa apatimenti: plasta inabanduka, na choo tukiweke wapi?

mjengo_ilala:
Wakuu, naomba ushauri. Jengo la shule la zamani katikati ya mji, ghorofa moja, ukuta wa mawe ya matumbawe unene sm 55, baraza mbele na nyuma. Madarasa sita, mita 5 kwa 8, dari mita 4. Sakafu ya juu ni mbao. Mwenye mali anataka apatimenti sita. Mpango wa sasa: kugawa vyumba kwa tofali za inchi 6, kuziba baraza ya nyuma iwe majiko, na kupiga upya plasta ya saruji kwa sababu iliyopo inabanduka hadi usawa wa goti.

fundi_chokaa:
Saruji ndiyo inayoibandua, mkuu. Tumbawe hunyonya maji ya ardhini, na msingi wa enzi hizo hauna kizuia unyevu. Kwenye chokaa unyevu unatoka nje. Kwenye saruji unakwama, unapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma. Banua kipande kimoja upitishe kidole: utakuta unga mweupe.

Kwangua saruji yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Futa chumvi kwa brashi kavu, usioshe, maji yanairudisha ndani. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, kiangazi ni bora. Kisha chokaa iliyolowekwa, ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga mkali wa mtoni; wa bahari usiuguse kabisa. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na lifunikwe magunia mabichi, maana chokaa ikikauka haraka inapasuka. Rangi iwe ya chokaa pia. Ya mafuta inakurudisha kulekule.

Pitia Boma la Kale, Sokoine Drive, Dar es Salaam, ukaone matumbawe ya miaka ya 1860 yalivyosimama.

boriti_na_nguzo:
Tofali hizo juu, hapana! Inchi 6 ni karibu kilo 300 kwa mita ya mraba. Kwa dari lako, kila mita ya urefu wa ukuta ni kilo 1,200 juu ya mbao. Juu tumia fremu nyepesi na bodi mbili za jipsamu kila upande, katikati pamba ya kuzuia sauti.

Kabla ya hapo, choma bisibisi kwenye ncha za boriti zinapoingia ukutani. Ikizama, kuna mchwa au uozo. Kata ncha mbovu, unganisha mpya, boriti iliyo nzima ibaki.

mjengo_ilala:
Asanteni sana. Na choo?

bomba_wima:
Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa 1 kwa 40: mita 5 zinashuka sm 12.5, na hapo utalazimika kukata boriti. Kwa hiyo anza na mabomba, kuta zifuate. Mabafu yakae mgongo kwa mgongo kwenye ukuta wa nje, la juu juu ya la chini, bomba la wima lishuke nje.

Baraza iache wazi, tafadhali. Ndiyo inayokinga ukuta na mvua, na madirisha mkabala ndiyo yanayopitisha upepo. Tangi la lita 5,000 ni tani 5 za maji, lijengewe mnara wake. Paa likiwa la asbesto, asitoboe wala kukata mtu.

Kibali cha kubadili matumizi kitangulie kile cha ujenzi. Angalia pia kama jengo limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kama limo, hata dirisha hubadilishi bila ruhusa.