Watengenezaji wa gemu za RPG, nani aliwaambia mfunge kusevu?

Bandugu, nina hasira tangu jana na sitaificha.

Jana usiku hapa Katuba, Lubumbashi, umeme ulirudi saa tano. Batri ya kompyuta yetu ilikufa zamani, inawaka ikiwa imechomekwa tu, kwa hiyo umeme ukirudi hatulali. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na gemu moja ya bure tayari, kazi ya mtu mmoja aliyeitengeneza kwa RPG Maker MV, programu ya kutengenezea gemu za RPG, yaani gemu za hadithi na mapigano. Jina silitaji. Mwanzo wake mtamu: kijiji, mvua, bibi anamsimulia mjukuu habari za mto uliokauka. Bibi anasimulia dakika 18. Ukitaka kumruka, harukiki. Tukavumilia, maana maneno yenyewe yalitushika. Tukaingia pangoni, na huko kila hatua saba nane skrini inazunguka: popo. Unawaua, unatembea kidogo, popo walewale wawili. Tukafungua menyu tusevu, yaani tuhifadhi pale tulipofika. Neno lenyewe lipo, lakini limefifia, halibonyezeki. Tukasema labda mbele kuna mahali pake. Saa saba na robo tumefika kwa nyoka mkubwa, amebakiwa na damu kidogo, mdogo wangu amenishika mkono, na umeme ukakatika.

Giza. Feni ikazunguka mara ya mwisho, ikanyamaza. Mdogo wangu akauliza polepole, "Yaya, tutaanza tena kwa bibi?"

Asubuhi nikaifungua ile gemu kwa ndani. Data za MV ni maandishi tu, faili za JSON kwenye folda ya www/data, hata Notepad inazisoma. Tafuta namba 134. Hiyo ndiyo amri ya kusevu: ikiwa na 0 imefunga, ikiwa na 1 imefungua. Niliikuta kwenye ramani ya kwanza kabisa, na sifuri yake. Mnaona maana yake? RPG Maker inakupa kusevu bila wewe kuomba. Anza mradi mtupu leo, usiandike chochote, menyu tayari ina kusevu. Huyu hakusahau kitu. Alikwenda kuitafuta amri, akaichagua, akafunga mlango kwa mkono wake. Nikaangalia ramani ya pango, mahali palipoandikwa encounterStep, yaani wastani wa hatua kati ya pambano na pambano. Programu inakuwekea 30. Yeye aliandika 8. Hadithi ilikuwa fupi, akairefusha kwa popo.

Kuna atakayesema kusevu popote kunaondoa woga. Basi weka mahali pa kusevu mlangoni mwa pango na pengine mbele ya bosi, yule adui mkubwa, woga utabaki. RPG Maker MZ, toleo lililofuata MV, la mwaka 2020, inaweza hata kusevu yenyewe ukihamia ramani nyingine au ukishinda pambano. Mimi nikiwa mbele ya nyoka, ninachokiogopa ni delestaji, umeme kukatwa kwa zamu! Mchezaji wa Lubumbashi hapewi saa nne za umeme mfululizo kwa sababu wewe unataka ateseke vizuri.

Na mega! Gemu ile ilikuwa mega (MB) 610 za kupakua. Ndani kila wimbo umewekwa mara mbili, faili ya ogg na faili ya m4a, wakati kompyuta inapiga ogg tu. Kuna picha za watu wa anga na vyombo vyao ndani ya gemu ya kijiji na mto. Wakati wa kuitoa gemu, MV inakuonyesha kisanduku cha kuondoa faili zisizotumika. Ni kubonyeza mara moja. Zile gemu za RPG Maker VX Ace, toleo la zamani, nazo, mtengenezaji asipojumuisha RTP, furushi la picha na sauti za programu, unaifungua gemu inakuambia RTP haipo, nenda kapakue mega karibu 200 nyingine. Mega hizo tunazinunua na hela ileile ya unga wa bukari.

Msiniambie "ni bure, unalalamika nini". Nalalamika kwa sababu nazipenda. To the Moon ya Kan Gao, mwaka 2011, ilitengenezwa kwa RPG Maker XP, chombo kilekile ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kujifunza. Mzee anayekaribia kufa anataka kwenda mwezini, basi. Mapigano karibu hakuna, na watu wazima wamelia. Yule bibi na mto wake angeweza kutufanya tulie hivyohivyo. Nilikuwa nataka kujua mto ulikauka kwa nini, na bado sijui.

Nimebadilisha ile 0 ikawa 1, na 8 ikawa 30. Tumemsikiliza bibi upya dakika zake 18. Mdogo wangu amesevu mlangoni mwa pango mara tatu, nafasi tatu tofauti, kwa sababu haamini tena.

Unayetengeneza gemu, weka kiungo chako hapa chini, lakini sema kwanza kusevu kuko wapi na gemu ni mega ngapi. Jumamosi nitanunua forfe, kifurushi cha intaneti.