Nimalize L3 (mwaka wa tatu wa chuo) au niende shule ya urubani sasa?

Kijana wa Luano
Habari zenu, yaya zangu (kaka na dada wakubwa). Niko L2 (mwaka wa pili) polytechnique, yaani uhandisi, hapa Lubumbashi, miaka 20, navaa miwani. Shule ya urubani huko Afrika Kusini imenikubali. Baba mdogo yuko tayari kulipa sasa, ya mwakani anasema hayajui. Nimalize L3 kwanza? Wengine wanasema bila diploma ya chuo kikuu huwezi kurusha ndege kubwa.

Yaya wa Kampemba
Mdogo wangu, kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, hazidai diploma hiyo. Leseni ya rubani wa biashara inataka miaka 18, saa 200 za kuruka (150 ukisoma mfululizo katika shule iliyoidhinishwa), mitihani ya nadharia na cheti cha afya daraja la kwanza. Diploma inadaiwa na baadhi ya kampuni tu, hasa waombaji wakiwa wengi.

Kabla baba mdogo hajatoa hata dola moja, kapime afya kwa daktari anayetambuliwa na nchi itakayokupa leseni. Miwani si kizuizi: ukiivaa, kila jicho lifike 6/9 (kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 9) na yote mawili pamoja 6/6, na kazini uwe na jozi ya akiba. Kinachoangusha watu ghafla ni rangi. Unaonyeshwa karatasi za Ishihara, namba imejificha katikati ya vidoti, na kuna wanaogundulia hapo kwamba nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja.

Kiti cha Kulia
Afya kwanza, sawa. Ila pesa ikitosha mafunzo yote, aende. Katika mashirika mengi zamu na cheo hufuata tarehe ya kuajiriwa, na safari za kimataifa za abiria zina ukomo wa miaka 65. Chuo kinaweza kusubiri: chukua relevé ya cotes (karatasi ya alama) zako kabla ya kuondoka. Urubani hausubiri. Ukikwama katikati, mikono inasahau, unarudia saa kwa pesa yako, na nadharia uliyofaulu ina muda wake. Ulaya ni miezi 36.

Bei ya tangazo nayo isikudanganye, kwa kawaida imepigwa kwa saa za chini kabisa. Ongeza mafunzo ya ndege ya injini mbili, kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje), mitihani ya kurudia, nyumba na chakula. Na lipeni kwa awamu, maana shule ikifunga milango pesa hairudi.

Fundi wa Hangari
Mmesahau baada ya shule. Kutoka saa 200 hadi 1,500 za leseni ya juu (ile ya kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa) ndipo wengi wanapokaa bure. Ukirudi, ndege ya 9Q (iliyosajiliwa Kongo) huigusi mpaka AAC, mamlaka ya usafiri wa anga huko Kinshasa, itambue leseni yako. Halafu angalia unapewa kiti gani: ndege ndogo ya Caravan imeidhinishwa kwa rubani mmoja, kwa hiyo kukaa kulia tu, kiti cha rubani msaidizi, hakukupi saa. Mamlaka ikidai msaidizi, unahesabiwa nusu ya saa ulizoruka, basi. Ndege ya Let 410 inataka marubani wawili, pale saa zako zinahesabiwa zote.

Kwa maoni yangu mwaka mmoja wa L3 si mwingi, mradi baba mdogo aiweke pesa benki leo, kwa jina lako. Ahadi ya mdomo isikubakize chuoni. Mwaka huo soma Kiingereza cha redio: lazima ufike kiwango cha 4, na kinapimwa upya kila miaka mitatu.

Kijana wa Luano
Asanteni sana. Hizo karatasi za rangi naweza kuzipata hapa mjini?

Yaya wa Kampemba
Ulizia kwa daktari wa macho. Hiyo ni ya kujijua tu, cheti utapimiwa kule.