Zamu ya saa 12 kwenye kituo cha simu cha benki: dakika 20 za kuwahi ni kazi au si kazi?

Binti_Isevya
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninafanya kazi Dar es Salaam katika kituo cha simu cha benki moja, kwa mkataba wa wakala wa ajira, na sasa nipo likizo nyumbani Tabora. Tunaingia usiku nne mfululizo, saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi, kisha tunapumzika siku tatu. Saa za ziada hatulipwi kwa sababu tulisaini utaratibu huo. Kinachonisumbua ni kwamba tunatakiwa kuwa kitini saa 12:40 jioni ili tuwashe mfumo, tupime hedifoni na kusomewa taarifa za siku, ilhali muda wetu huhesabiwa kuanzia saa 1. Tena mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na kila mteja analalamika kuwa kadi imemezwa au muamala umekwama, supavaiza hutuambia tule hedifoni zikiwa kichwani. Je, sheria inasemaje, na ninaweza kufungua malalamiko hapa Tabora kabla sijarudi?

Mstaafu_Cheyo
Marahaba mwanangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu zamu ya hadi saa 12 bila malipo ya ziada, muda wa chakula ukiwemo, ilimradi kuna makubaliano ya maandishi, siku za kazi zisizidi 5 na saa zisizidi 45 kwa wiki. Aliyepanga ratiba yenu anaijua sheria: usiku nne ni saa 48, ukitoa saa nne za chakula zinabaki 44. Ila amejibana mno, na dakika 20 zinamwangusha. Kuwasha mfumo wa mwajiri kwa amri ya mwajiri ni kazi, hivyo zamu yako ni ya saa 12 na dakika 20, na saini yako haiwezi kulihalalisha hilo. Zaidi ya hapo, mfanyakazi anastahili kupumzika saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Wewe ukitoka saa 1 asubuhi na kurudi kitini saa 12:40 jioni unapata saa 11 na dakika 40, na hapo foleni ya barabarani hatujaigusa.

Kuhusu chakula, anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa anapokutaka ufanye kazi au uwe tayari kwa kazi, na sijui hedifoni kichwani ina maana gani nyingine.

Mama_Zamu
Niliifanya kazi hiyo kabla ya kurudi Tabora, na naomba nitofautiane kidogo. Siku tatu za kupumzika ni neema kwa mwenye mtoto mdogo, na mkibana sana mtapangiwa zamu fupi za siku sita. Mimi ningeanza na karatasi ya mshahara. Kila saa ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 585,000 kwa mwezi, akifanya kazi saa 45 kwa wiki, analipwa takriban 3,000 kwa saa, hivyo nyongeza ni 150, hela ya andazi. Ni ndogo, lakini iangalie kama ipo.

Binti_Isevya
Haipo. Na nakala ya hayo makubaliano hatukupewa.

Mstaafu_Cheyo
Basi anza kwa kuiomba nakala kwa barua, kwa sababu bila maandishi kila saa inayozidi 9 kwa siku ni ya ziada na hulipwa mara moja na nusu. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, katika ofisi ya eneo ulikotokea mgogoro, kwa hiyo ni Dar es Salaam, ndani ya siku 60. Kabla ya hapo muone mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, maana kinahudumia pia taasisi za fedha. Saa za kuingia na kutoka ziandike kwenye daftari lako kila siku. Usipige picha kioo cha kompyuta, kwani taarifa za wateja zikionekana humo, kesi itageuka kuwa yako.

Mama_Zamu
Na barua hiyo ipeleke kwa wakala, nakala kwa benki. Ukimwandikia mmoja tu, watakurusharusha.